Lenzi ya Baba na Jicho la Mwanangu

Leo sizungumzii chanjo, wala uji wa lishe, wala homa za usiku. Nazungumzia lenzi ya kamera. Najua kuna mtu keshasema, "Nesi leo kachoka." Sijachoka. Nivumilieni mpaka sehemu ya nne mtajua kwa nini nimeiandika hapa na sijaipeleka kwa vijana wa studio. Mwenye mtoto mdogo nyumbani asiishie njiani.

SEHEMU YA 1: Begi la juu ya kabati

Baba yangu alikuwa mpiga picha wa studio, Tanga, maeneo ya Ngamiani. Wenye umri wangu mnazikumbuka studio zile: pazia la nyuma limechorwa bahari na minazi, stuli moja, ua la plastiki, na kioo kidogo ukutani cha kujitazama kabla hujakaa. Sikukuu foleni ilifika barabarani. Watoto wamepakwa poda mpaka shingoni, viatu vipya vinabana, na kila mmoja kaambiwa asicheke.

Baba hakuwa na haraka. Anakukalisha, anakusogeza kidevu kwa vidole viwili, anarudi kwenye kamera, anazungusha lenzi taratibu. Anazungusha tena. Mtoto anaanza kulia, mama mtu anaanza kukasirika, yeye bado anazungusha. Nilipomuuliza anatafuta nini muda wote huo alinijibu, "Natafuta jicho. Jicho likiwa kali, mengine yote utasamehewa."

Picha za rangi zikaja, maabara za haraka zikaja, mwisho zikaja simu. Studio ikawa duka la vocha, halafu ikawa saluni ya mtu mwingine. Baba alifariki mwaka juzi. Tulipogawana vitu, kaka zangu walichukua vya kuchukuliwa, mimi nikaomba begi moja la ngozi lililokaa juu ya kabati miaka na miaka. Hakuna aliyelitaka.

Ndani mlikuwa na Zenit-E, kamera ya Kisovieti nzito kama tofali, shata imekwama. Na mbele yake lenzi, Helios 44-2, milimita 58. Nambari zake zinaanza na 78. Kwenye lenzi nyingi za Kisovieti tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo hii ni ya 1978. Imenizidi umri. Ndiyo iliyonipiga mimi nikiwa na meno mawili, ndiyo iliyompiga mama yangu na gauni la harusi.

Kamera haikufaa tena. Lakini ile lenzi nilipoizungusha ilizunguka, nzito kidogo, laini, kama kifuniko cha chupa ya asali. Nikasema hii siitupi.

SEHEMU YA 2: Kwa nini lenzi ya 1978 inakubali kamera ya leo

Nilikuwa na kamera ndogo ya Sony niliyoinunua mtumba kwa ajili ya picha za watoto. Ni hizi kamera mpya zisizo na kioo cha ndani, vijana wanaziita mirolesi. Nikamuuliza kijana mmoja anayepiga picha za harusi kama lenzi ya baba inaweza kukaa humo. Akacheka, akasema, "Dada, tena zinapendana sana." Ngoja niwaeleze kama alivyonieleza yeye, maana mimi mwenyewe nilidhani ni uchawi.

Kamera za zamani za aina ya Zenit zina kioo cha kujitazamia ndani, kimelala mshazari. Mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kile kioo, unapanda juu mpaka kwenye jicho la mpiga picha. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, mwanga unapita kwenda kwenye filamu. Kile kioo kinahitaji nafasi ya kuruka. Kwa hiyo lenzi ililazimika kukaa mbali: kwa lenzi za kuzungusha kama Helios, ni milimita 45.46 kutoka pale inapofungwa mpaka kwenye filamu. Si 45, si 46. Ikipungua au ikizidi, picha ya mbali haikai sawa.

Kamera mpya zimekitoa kile kioo. Unachokiona kwenye skrini ni kile inachokiona kamera yenyewe. Kioo kimeondoka, nafasi yake imebaki wazi, na kamera imekuwa nyembamba. Kwenye Sony yangu umbali ule ni milimita 18 tu. Toa 18 kwenye 45.46, unabaki na 27.46. Basi adapta yote ni hiyo: bomba fupi la chuma lenye urefu huo, upande mmoja linafungwa kwenye kamera, upande mwingine lina uzi wa kukaza lenzi. Ndani hamna kioo, hamna waya, hamna betri. Ni kama kile kipande unachokiweka bomba la zamani lipate kuingia kwenye koki mpya. Yangu niliipata kwa bei ya doti mbili za khanga za kawaida.

Ndiyo maana lenzi za zamani zinazipenda kamera mpya. Kinyume chake kigumu. Lenzi iliyotengenezwa ikae karibu huwezi kuipeleka kwenye Zenit, maana hakuna pa kuisogeza.

Wenye nia ya kujaribu, mambo matatu yatawasumbua siku ya kwanza. La kwanza, kamera itagoma kupiga, itadai haina lenzi, kwa sababu haipati habari yoyote kutoka kwenye lile bomba. Ingia kwenye menyu, tafuta pale panaporuhusu kupiga bila lenzi, washa. La pili, kwenye kamera kama yangu yenye kihisi kidogo kuliko filamu, milimita 58 inakuwa kama 87 hivi. Utajikuta unarudi nyuma mpaka ukutani ili mtoto aenee. La tatu ndilo kubwa: hakuna kitakachokusaidia kulenga. Kamera haiwezi kuizungusha lenzi hii. Utaizungusha wewe.

SEHEMU YA 3: Kuvu, fundi, na maneno machache ya kinesi

Kabla sijapiga hata picha moja, niliishika lenzi dhidi ya taa. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba, zimetambaa kama mizizi. Kijana wa harusi akaniambia ni kuvu. Si unajua hewa ya Tanga: chumvi hukaa maji mezani, kabatini nguo zinanuka. Begi la ngozi lililofungwa miaka yote hiyo, juu ya kabati, gizani. Kuvu haikutaka zaidi ya hapo.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza saa na kamera. Akaifungua kwa kifaa chenye ncha mbili, akatoa vioo kimoja kimoja, akavipanga juu ya kitambaa kama mtu anayepanga dawa. Akasafisha, akanionyesha. "Kuvu ikikaa sana inakula kioo," akasema. "Hapo hata ukisafisha alama inabaki. Hii imewahiwa." Pembeni pamebaki alama ndogo kama mkwaruzo. Kwenye picha haionekani.

Sasa hapa nesi lazima aseme yake, maana najua vitu hivi vinaingia kwenye nyumba zenye watoto.

Lenzi inakaa pakavu, kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Kopo hilo juu, mbali. Mtoto akiweka kile kipakiti mdomoni anaweza kupaliwa.

Kamera nyingi za zamani na vifaa vyake hutumia betri za duara, zile za vidonge. Zenit-E haitaki betri, lakini nyingine zinataka. Mtoto akimeza betri ya namna hii na ikanasa kwenye koo la chakula, inaweza kuunguza ndani ya saa 2. Usisubiri aitoe chooni. Usimtapishe. Mkimbize hospitali saa ileile, na ukiweza beba nyingine inayofanana nayo.

Usiache lenzi dirishani juani. Inakusanya jua kama ile miwani ya kuchomea karatasi tuliyochezea shuleni. Pazia linashika moto. Wala mtoto asiitumie kutazama jua, hata kwa sekunde moja.

Na kwa wajawazito mtakaouliza kuhusu mionzi: ni kweli, baadhi ya lenzi za zamani zina kioo kilichochanganywa na thoriamu, madini yenye mionzi kidogo. Zinazojulikana sana ni baadhi ya Super-Takumar za milimita 50. Kioo chake huwa kimegeuka rangi kama chai ya rangi. Helios yangu si katika hizo. Mwenye nayo anaweza kupigia picha, mionzi yake ni midogo. Ila isilale kitandani na mtu, isiwe kitu cha mtoto kuchezea, na asitokee fundi wa kukisaga kile kioo ndani ya nyumba. Basi, tuendelee.

SEHEMU YA 4: Natafuta jicho

Wiki ya kwanza nilipiga takataka. Sikufichi. Nilikuwa nimezoea kamera inayokuwekea kiboksi cha kijani usoni, yenyewe inalitafuta jicho, wewe kazi yako kubonyeza. Nimepiga mamia ya picha za wanangu namna ile. Zote safi, zote kali.

Na hii? Ukiifungua lenzi mpaka mwisho, pale kwenye 2, na mtoto yuko karibu kiasi cha kumshika bega, kinachokuwa kikali ni kama sentimita 1 tu ya uso wake. Ukilenga pua, macho yamepotea. Ukilenga kope za jicho moja, sikio halipo tena. Mtoto akipumua tu, umeshaharibikiwa.

Kijana wa harusi akanifundisha kitu. Kuna kitufe ukikibonyeza, skrini inakuvutia karibu mara 6 hivi. Ukibonyeza tena, mara 12 hivi. Unachagua jicho, unalivuta mpaka linajaa skrini, ndipo unazungusha taratibu. Kope zinatokea moja moja. Halafu ile mistari ya ndani ya jicho, kama maji yaliyotiwa iliki. Halafu unabonyeza.

Niseme ukweli, nilipenda. Mimi kazi yangu kliniki ya watoto. Asubuhi napima uzito, nachanja, najaza kadi, namwita anayefuata. Watoto wa watu nawaona kutwa nzima, nikirudi nyumbani nimechoka hata sauti sina. Wangu nawaogesha, nawalisha, nawalaza. Kukaa dakika tatu nzima namtazama mmoja wao usoni bila kumfuta kamasi wala kumfunga vifungo, hiyo ilikuwa haipo. Lenzi ikanilazimisha. Nikaelewa kidogo baba alichokuwa anakifanya pale Ngamiani huku mama za watu wakikasirika.

Jumapili moja, saa nne asubuhi, kitinda mimba wangu alikuwa amekaa kizingitini anakula embe. Alikuwa na miaka 2 na miezi 7. Mwanga wa mlango ulikuwa mzuri, laini, unamjia usoni. Nikakaa chini mbele yake, nikaweka kamera juu ya goti. Nikachagua jicho la kulia, nikavuta. Mboni nyeusi, safi, na ndani yake kipande kidogo cheupe cha mraba. Huo ni mlango, unajionyesha kwenye jicho. Wapiga picha wanaupenda. Nikapiga.

Halafu akageuka kidogo, jicho la kushoto likawa karibu zaidi. Nikahamia huko, nikavuta mara 12. Mlango upo, mraba wake uleule. Lakini nyuma ya mraba, katikati ya mboni, palikuwa na kitu cha kijivu, kama ukungu kwenye glasi. Nikazungusha lenzi nikidhani nimekosea kulenga. Kope zikawa kali. Kile kitu kikawa kikali zaidi.

Nikajiambia ni mwanga. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu mtazame paka." Akageuza kichwa. Ule mraba wa mlango ukahama, maana ni wa juu ya jicho, unafuata mwanga. Kile cha kijivu hakikuhama. Kilikaa palepale ndani ya mboni, kikageuka na jicho.

Niliiweka kamera sakafuni. Nikamshika kidevu kwa vidole viwili, nikamsogeza mlangoni, nikamtazama kwa macho yangu haya. Kipo. Ukishajua pa kutazama, unakiona bila kamera yoyote.

Nikaenda kwenye simu nikafungua picha za nyuma, zilizopigwa na mwako usiku, birthday ya dada yake. Mnajua mwako unavyoyafanya macho mekundu. La kulia jekundu. La kushoto, kwenye picha mbili kati ya tano, jeupe. Picha hizo nilizituma kwenye kundi la familia, watu wakaweka mioyo.

SEHEMU YA 5: Mimi nesi, na sikuona

Baba watoto alinikuta jikoni nimesimama. Nikamwonyesha. Yeye akasema, "Si alizaliwa hivyo?" Mama mkwe, Mungu ampe umri, akasema mtoto wa jicho ni ugonjwa wa wazee, huyu kaingiwa na vumbi, nimtilie maziwa ya mama jirani anayenyonyesha. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, hili jicho halitiwi kitu." Narudia na kwenu: usitie maziwa, usitie asali, usitie dawa ya macho iliyobaki kwa jirani.

Usiku ule sikulala, maana nilijua kitu ambacho wao hawakukijua. Weupe kwenye mboni ya mtoto unaweza kuwa mtoto wa jicho. Unaweza pia kuwa saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, na hiyo haisubiri. Hospitali ikiwahiwa mapema, mtoto anapona na mara nyingine jicho linabaki. Ikichelewa, inachukua jicho, halafu inachukua mtoto. Nilifundishwa hivyo chuoni. Niliijibu hivyo kwenye mtihani.

Na usiku ule dalili zote zikaja zimejipanga kama wagonjwa wa Jumatatu. Miezi sasa alikuwa anatazama katuni kichwa kakipinda. Akitembea anagonga mlango kwa bega la kushoto, tunamwita mlevi, tunacheka. Akichoka jicho la kushoto linakwenda pembeni, shangazi zake wanasema ana makengeza ya bahati. Juani analifumba moja. Kila kimoja nilikiona. Nilikuwa nakiona huku namfunga viatu.

Jumatatu tulikuwa wa kwanza foleni, tukapewa rufaa. Hospitali ya macho walimtia matone ya kupanua mboni, wakampima, wakampiga na ile picha ya mawimbi ya sauti kutazama nyuma ya jicho. Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alimaliza, akavuta kiti, akanitazama. Mimi ni nesi, najua maana ya daktari kuvuta kiti. Nikaanza kulia kabla hajasema.

Akasema, "Dada, si saratani. Nyuma ya jicho ni safi. Ni mtoto wa jicho."

Nikamuuliza tumechelewa kiasi gani. Hakunidanganya. Akaniambia kuona si kwa jicho peke yake. Ubongo wa mtoto ndio unaojifunza kuona, na jicho likifunikwa na ukungu, ubongo unalisahau, unatumia lile zima tu. Linaitwa jicho vivu. Ukimfanyia operesheni mtu mzima, kesho anaona. Mtoto ukimfanyia umempa mlango tu, kuingia bado. Na kila mwezi unaopita kabla ya hapo, kazi inazidi kuwa ngumu. "Mngekuja mapema zaidi ningefurahi," akasema. "Mngekuja akiwa na miaka saba, ningekuwa na maneno machache sana ya kukuambia."

Operesheni ikafanyika. Nusu kaputi, mtoto mdogo namna ile, mimi nje nimeshika kiatu chake kimoja. Wakatoa ile lenzi ya ndani ya jicho iliyoingia ukungu, wakaweka ya bandia. Nilipoambiwa ukubwa wake, kidogo kuliko punje ya hindi, nilimkumbuka yule mzee wa saa na vioo vyake juu ya kitambaa.

SEHEMU YA 6: Plasta, miwani, na ombi langu

Watu hudhani habari inaishia kwenye operesheni. Ndiyo kwanza ilianza.

Lenzi ya bandia haijirekebishi kama ile aliyozaliwa nayo. Ya kuzaliwa nayo inanenepa ukitazama karibu na kuwa bapa ukitazama mbali, wewe huna habari. Hii imekaa vilevile. Kwa hiyo anavaa miwani ya kumsaidia. Na kila siku, kwa saa alizosema daktari, tunamziba jicho zima, lile la kulia, ili ubongo ulazimike kulitumia la kushoto.

Jamani, kumziba mtoto jicho analoonea si mchezo. Wiki ya kwanza alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza. Aling'oa plasta, akaibandika kwa paka. Anatembea kashika ukuta. Ananiambia, "Mama, washa taa," na ni saa saba mchana. Nikaenda chumbani nikalia, nikarudi nikambandika tena. Dada yake ndiye aliyetuokoa: alianza kuzichora plasta, leo samaki, kesho gari, na yeye mwenyewe akajibandika moja wakawa maharamia wawili.

Sasa ni miezi tisa. Jicho la kushoto halijawa kama la kulia, na daktari anasema huenda lisifike. Lakini mwezi uliopita, kulia kumezibwa, aliinama sakafuni akaokota punje moja ya mchele akaniletea. Tuko hapo.

Kuna mtu atasema, kwa hiyo nesi unatuambia tununue lenzi za zamani? Hapana. Ukizipenda ninunue, ni nzuri, nyuma ya picha majani yanazunguka kama yamekorogwa, hakuna kamera mpya inayofanya vile kirahisi. Lakini lenzi haikugundua ugonjwa. Wala kamera haipimi mtoto. Ilichofanya lenzi ya baba ni kukataa kunisaidia, nikabaki sina njia ila kutazama. Ile kamera ya kiboksi cha kijani ililiona jicho la mwanangu kila siku, ikalilenga vizuri kabisa, mimi nikabonyeza.

Ninachoomba ni hiki, hakina gharama.

Mkalishe mwanao mlangoni mchana, uso uelekee mwanga, jua lisimpige machoni. Tazama mboni moja, halafu ya pili. Zote ziwe nyeusi, zifanane. Fanya hivyo tangu akiwa mchanga, na urudie mara kwa mara, maana mwanangu hakuzaliwa nao, ulikuja taratibu.

Pitia picha zako za usiku zenye mwako. Macho yote mawili mekundu ni kawaida. Moja jekundu na jingine jeupe au la njano, usinyamaze. Si kila weupe ni ugonjwa, mara nyingine mwako umeingia kwa pembe fulani tu. Lakini wa kusema hivyo ni daktari wa macho aliyempima, si mimi kwa picha mliyonitumia usiku, wala si bibi. Nenda na hiyo picha, waonyeshe.

Makengeza baada ya miezi ya mwanzo, kupinda kichwa, kugonga vitu upande mmoja, kufumba jicho moja juani: mpeleke. Hakuna makengeza ya bahati.

Na chanjo ya surua na rubela, miezi 9 na miezi 18, msikose. Rubela ikimpata mama mwenye mimba changa, mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, moyo wenye kasoro, na masikio yasiyosikia. Ukimchanja wako, unamlinda na mjamzito wa nyumba ya pili.

Jana jioni nilimkalisha tena kizingitini. Safari hii na miwani. Kulenga mtoto mwenye miwani ni kazi, jicho langu linakimbilia fremu. Nikavuta mara 12, nikazungusha taratibu. Akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?"

Nikamwambia, "Natafuta jicho."

"Lipi?"

"Yote mawili. Tulia."

Hakutulia. Picha imetoka na ukungu kidogo, nimeiweka hapo chini vilevile. Kaziangalieni mboni za wanenu kesho asubuhi kabla hamjaanza kufua. Usiku mwema.